Minyoo Wauao Wadudu na Bakteria Wao: Historia ya Maarifa na ya Majina

Katika Kiswahili neno "mdudu" limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko neno jingine lolote la elimu ya viumbe. Nzige ni mdudu, na buibui ni mdudu, ingawa mtaalamu atakataa kuwaweka katika kundi moja. Mnyoo wa tumboni ni mdudu. Mganga anayeeleza kisa cha kipindupindu husema kwamba maji yana wadudu, na akitaka kuwa sahihi zaidi huwapunguza kwa kiambishi akawaita vijidudu. Kidole kikivimba na kutunga usaha penye ukucha, maradhi hayo nayo huitwa mdudu. Kwa mazungumzo ya kila siku mzigo huu hauna madhara, kwa kuwa msikilizaji humtambua mdudu anayetajwa kwa kufuata habari yenyewe. Taabu huanza pale ambapo sentensi moja inalazimika kutaja viumbe wa namna tatu, kila mmoja akiwa na kazi yake.

Sentensi ya namna hiyo ipo, na ndiyo asili ya makala haya. Kuna minyoo wadogo mno waishio udongoni, ambao huingia katika mwili wa kiwavi au wa funza na kumwua kwa msaada wa bakteria wanaowachukua tumboni mwao. Habari hiyo ikisemwa kwa maneno ya kawaida, itakuwa kwamba mdudu huingia ndani ya mdudu akamwua kwa kutumia wadudu. Msomaji hana hatia akicheka.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kutafsiri kijikaratasi cha maelezo kwa wakulima wa maharage, mahindi na migomba, kuhusu njia za kupunguza wadudu waharibifu bila ya kutegemea sumu za dukani peke yake. Sehemu moja ilihusu minyoo hawa. Niliitafsiri kwa haraka, nikaandika "minyoo" bila ya kuongeza neno. Kabla ya kijikaratasi kupigwa chapa tulikisoma mbele ya wakulima wachache huko Murungu, katika nyanda za juu za Kibondo. Nilipofika kwenye sehemu hiyo mama mmoja mtu mzima aliinua mkono akauliza: "Mwanangu, watoto wetu wanapewa vidonge vya minyoo shuleni. Leo mnatuambia tuimwage shambani?" Mzee aliyeketi karibu naye, ambaye hulima nyanya bondeni, akaongeza kwamba yeye anawajua vizuri minyoo wa udongoni, kwa kuwa wamemharibia mizizi, anatafuta dawa ya kuwaua, si ya kuwaongeza. Wote wawili walikuwa wamesema kweli. Kosa lilikuwa langu, na makala haya ni jaribio la kulirekebisha kwa kutazama kwanza historia ya jambo lenyewe, kisha majina yake.

Minyoo katika lugha zetu

Ni haki kuanza na upande wa mama yule. Kiswahili hakikukosa majina ya minyoo. Wazee walimjua chango, walimjua tegu aliye mrefu kama utepe, walijua kwamba safura humfanya mtu akose damu na nguvu, na nyungunyungu wa shambani hawakumchanganya na yeyote kati ya hao. Majina hayo yalipangwa kwa kufuata mahali anapokaa mnyoo na madhara anayoyaleta, si kwa kufuata umbo lake la ndani. Huko Uha nako, lugha ya Kiha, kama Kirundi jirani yake, humwita nyoka inzoka, na neno hilo hilo ndilo la minyoo wa tumboni. Mtu aliyekua akilisikia neno hilo tangu utoto, akiambiwa sasa kwamba minyoo ni wema, hana budi kushtuka mara mbili.

Upande wa mzee wa nyanya una historia fupi zaidi. Mabwana shamba walipotaka kuwaeleza wakulima habari za nematodi waharibuo mizizi, walitunga jina "minyoo fundo". Nalihesabu jina hili miongoni mwa istilahi zilizofaulu kabisa katika kilimo chetu. Mkulima akiung'oa mmea huyaona mafundo kwa macho yake mwenyewe, na jina na kitu hukutana pale pale mkononi mwake. Lakini kufaulu huko kumezaa tatizo jingine: kwa mkulima huyo, mnyoo yeyote wa udongoni asiye nyungunyungu sasa ni adui wa mizizi.

Mnyoo wa mama, yaani chango, mnyoo fundo wa mzee, na mnyoo wa kijikaratasi changu wote ni wa kundi moja kubwa la nematodi, ambalo jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi. Ni ndugu kwa umbo, lakini si ndugu kwa tabia. Na tofauti hiyo ya tabia si jambo la kupendeza wasomi tu. Mkulima asiyeweza kuwatofautisha kwa jina atamwaga dawa ya kumwua mmoja na kumdhuru mwingine ambaye alikuwa akimfanyia kazi bila ya mshahara.

Wala isidhaniwe kwamba watu wa Kibondo na Kasulu ni wageni wa habari za viumbe wasioonekana kwa macho. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa sehemu hizo kutoka katika mapori yenye ndorobo na kuwakusanya katika makazi mapya, kwa sababu ya malale. Watu waliacha mashamba na makaburi kwa ajili ya kiumbe mdogo aliyemo katika damu, achukuliwaye na nzi. Msomaji amweke ndorobo huyo akilini, maana tutamhitaji tena.

Historia ya ugunduzi

Mwaka 1923 mtaalamu aliyeitwa Steiner alieleza habari za mnyoo aliyepatikana katika mdudu mharibifu wa miti huko Ujerumani. Mwaka 1927 Travassos wa Brazili alimwundia mnyoo huyo jenasi yake akaiita Steinernema, kwa kumkumbuka Steiner. Huenda habari ingeishia katika vitabu vya watu wachache lau si mbawakawa wa Kijapani, aliyegunduliwa New Jersey, Marekani, mwaka 1916, na ambaye funza wake walianza kumaliza mizizi ya nyasi na mimea mingine. Mwaka 1929 Glaser aliwakuta funza wa mbawakawa huyo wamekufa katika uwanja wa gofu karibu na Haddonfield, na ndani yao mlikuwa na minyoo. Mnyoo huyo leo anaitwa Steinernema glaseri. Glaser alifaulu kuwakuza katika chakula cha maabara na kuwatawanya mashambani, jambo ambalo kwa wakati wake lilikuwa la ajabu.

Hata hivyo hakujua kwamba mnyoo wake hakuwa peke yake. Sehemu kubwa ya nguvu ya kuua ilikuwa ya bakteria waliomo tumboni mwa mnyoo, na mtu anayemkuza mnyoo katika chakula kilichosafishwa sana humpokonya silaha bila ya kukusudia. Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili, na baada yake sumu za viwandani, DDT ikiwa mbele yao, zikaonekana kana kwamba zimemaliza kazi yote. Kwa miaka mingi minyoo walisahauliwa na wote isipokuwa wachache.

Miongoni mwa wachache hao walikuwamo Poinar na Thomas, ambao mwaka 1965 waliwaeleza bakteria wa mnyoo mmoja wa jenasi ya Steinernema. Kwanza waliwapa jina la jenasi iliyokuwapo tayari. Mwaka 1979, baada ya kuona kwamba hawafanani na wenzao, waliwaundia jenasi mpya, Xenorhabdus. Kabla ya hapo, mwaka 1976, Poinar alikuwa amemtangaza mnyoo wa jamaa nyingine akamwita Heterorhabditis bacteriophora. Bakteria wa mnyoo huyu wana sifa ya kutoa nuru, kiasi kwamba mzoga wa kiwavi waliyemwua hung'aa kidogo gizani. Mwaka 1993 Boemare na wenzake waliwatenga na wale wengine wakawapa jenasi yao, Photorhabdus.

Nimeyataja majina haya kwa urefu kwa sababu yana funzo kwa watunga istilahi. Tumezoea kuyaogopa majina ya Kilatini na Kigiriki kana kwamba yalishuka pamoja na viumbe wenyewe. Tukiyafungua tutaona ni maneno ya nyumbani kabisa. Bakteria maana yake ni kifimbo, kwa kuwa wa kwanza kuonekana walikuwa na umbo la fimbo. Xenorhabdus ni fimbo ya mgeni. Photorhabdus ni fimbo ya nuru. Bacteriophora ni mchukuzi wa bakteria. Waliotunga majina haya walifanya kile kile alichokifanya bwana shamba aliyesema "minyoo fundo": walitazama, wakafananisha, wakaita.

Tena majina hayo hukosea kama yetu yanavyokosea. Kuna bakteria wa jenasi ya Photorhabdus waliopatikana katika vidonda vya watu huko Marekani na Australia, na kwa kuwa hapakuonekana mnyoo wowote pamoja nao, waliitwa asymbiotica, yaani wasio na mwenzi wa kuishi naye. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba mnyoo wao amepatikana Australia. Jina limebaki vile vile, kwa sababu kanuni za utoaji wa majina haziruhusu jina kufutwa kwa kuwa tu lina kasoro. Nasi tukikumbuka jambo hili tutakuwa wapole kidogo tunapohukumu istilahi za Kiswahili zilizotungwa kwa haraka.

Kazi ya mnyoo na kazi ya bakteria

Mnyoo huyu akiwa nje ya mdudu huwa katika hatua moja tu ya maisha yake, hatua ya tatu ya utoto. Hali wala hakui. Hungoja katika udongo wenye unyevu, au hutembea katikati ya chembe za udongo, mpaka ampate kiwavi, funza au buu. Huingia kwa kinywa, au kwa njia ya haja, au kwa matundu ya kupumulia. Yule wa jamaa ya Heterorhabditis ana jino dogo la kutobolea ngozi. Akishafika penye damu ya mdudu huwatoa bakteria aliokuwa nao. Hawa huongezeka kwa haraka, hutoa sumu, na aghalabu mdudu hufa katika muda wa siku moja au mbili.

Kazi ya bakteria haiishii hapo. Huyeyusha nyama za mzoga zikawa chakula cha minyoo, na hutoa viuavijasumu vinavyowazuia bakteria wengine wasiuozeshe mzoga huo. Mzoga wa kiwavi aliyeuawa na Heterorhabditis huwa mwekundu kama tofali na haunuki kama mizoga mingine. Ndani yake minyoo huzaa kizazi kimoja au zaidi. Chakula kikiisha, watoto wa hatua ya tatu huwapokea bakteria matumboni mwao na kutoka nje kwa maelfu mengi. Dawa moja ya ngozi iliyopewa kibali Marekani mwaka 2022, tapinarofu, asili yake ni kemikali iliyopatikana kwanza kwa bakteria wa minyoo hawa. Inatibu ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi. Kwa hiyo kiumbe anayefaa kuitwa kijasumu na kiwavi ndiye pia atoaye kiuavijasumu. Msomaji ataona jinsi majina yetu mawili, lililokusudiwa kuwa la adui na lililokusudiwa kuwa la dawa, yanavyokutana katika mwili mmoja.

Urithi usio wa jeni

Tufike sasa kwenye jeni, ambako ndiko istilahi hutakiwa kuwa kali kuliko penginepo pote.

Mwaka 2003 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa walitangaza mfuatano mzima wa DNA wa bakteria wa jenasi ya Photorhabdus, wa ukoo uitwao TT01 ambao asili yake ni Trinidad na Tobago. Ulikuwa na jozi 5,688,987 za herufi, na jeni za kutengeneza protini zilizokadiriwa kuwa 4,839. Katika hizo zilikuwamo jeni za sumu nyingi kuliko zilizokuwa zimeonekana katika bakteria yeyote aliyekwisha kusomwa hadi wakati huo. Miaka 10 baadaye, mwaka 2013, ulitolewa mfuatano wa mnyoo Heterorhabditis bacteriophora mwenyewe, wenye jozi zipatazo milioni 77.

Hapa ndipo tumrudie ndorobo. Yeye naye ana bakteria wake, waitwao Wigglesworthia kwa kumkumbuka Wigglesworth wa Uingereza, ambao humtengenezea vitamini zisizopatikana katika damu anayokunywa. Mama ndorobo humpa mtoto bakteria hao kwa maziwa, akiwa bado tumboni mwake. Mfuatano wao ulitangazwa mwaka 2002, nao una jozi zisizofika hata 700,000, sehemu ndogo sana ya zile za TT01. Sababu yafahamika. Wigglesworthia hatoki nje ya nyumba. Amelishwa na kulindwa na nzi kwa zama nyingi mno, na jeni zisizo na kazi zimempotea moja baada ya nyingine. Photorhabdus, kinyume chake, ana maisha mawili: leo ni mgeni mtulivu katika utumbo wa mnyoo, kesho ni muuaji katika damu ya kiwavi. Kiumbe wa namna hiyo hana anasa ya kupoteza silaha.

Anawezaje basi kuwa na tabia mbili bila ya kuwa na jeni za namna mbili? Swali hili lilijibiwa kwa uzuri mwaka 2012 na Somvanshi na wenzake, kwa kuwachunguza bakteria wa Heterorhabditis. Katika DNA ya bakteria huyo kuna kipande kifupi kinachoweza kugeuzwa, mbele ikawa nyuma, kama komeo la mlango linavyosukumwa upande huu au ule. Kikielekea upande mmoja, huziwasha jeni za kutengeneza vinyweleo ambavyo kwavyo bakteria hushikamana na utumbo wa mama mnyoo. Bakteria walio katika hali hiyo huwa wadogo, hukua polepole, na hupunguza sumu na nuru. Kipande kikielekea upande wa pili, vinyweleo havitengenezwi, na bakteria huwa wakubwa na wakali. Katika mzoga mmoja huwamo wa hali zote mbili, lakini wanaopata nafasi ya kusafiri kwenda kwa kiwavi mwingine ni uzao wa wale wachache walioshikamana na mama. Wengi waliofanya kazi ya kuua huachwa katika mzoga.

Na mama mwenyewe hafaidi uzee. Mayai yake mengine huanguliwa ndani ya mwili wake, na watoto humla kutoka ndani. Humo ndimo wanamowapokea bakteria walioingia kutoka utumboni mwake. Nalitaja jambo hili la kutisha kwa makusudi, kwa sababu linatuonyesha udhaifu wa istilahi moja tuliyoizoea. Baadhi yetu huita jeni "chembe ya urithi", na kwa darasa la kwanza la elimu ya viumbe maelezo hayo hutosha. Lakini mtoto wa mnyoo amerithi vitu viwili kwa mama yake: jeni zake, na bakteria wake. Hawa bakteria ni chembe hai, na ni za urithi, wala si jeni za mnyoo hata kidogo. Tukisema "chembe ya urithi" hapa tutakuwa tumesema jambo na kinyume chake. Kwa hiyo napendekeza "jeni" libaki kuwa jina la kitu, na "urithi" libaki kuwa jina la tendo la kupokea kwa wazazi, liwe kwa njia ya jeni au kwa njia nyingine. Neno la mkopo hapa halitokani na uvivu.

Udongo wa Afrika Mashariki

Minyoo hawa hawakuletwa kwetu kwa meli. Wamo katika udongo wetu, na wameanza kupewa majina yenye harufu ya kwetu. Mwaka 1997 alitangazwa Steinernema karii kutoka Kenya, ambaye jina lake limebeba herufi za taasisi ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo, KARI. Mwaka 2017 wataalamu wa Jamhuri ya Cheki na wenzao walimtangaza mnyoo wa Tanzania wakamwita Steinernema pwaniensis. Mwaka 2021 akafuata Heterorhabditis ruandica, kutoka Rwanda.

Jina la pili lastahili kusimamiwa kidogo. Neno "pwani" limevaa mkia wa Kilatini na kuingia katika daftari la dunia la majina ya viumbe, ambamo halitatoka. Tumezoea kuuliza namna Kiswahili kitakavyopokea maneno ya sayansi; hapa sayansi imepokea neno la Kiswahili, tena bila ya kamati.

Habari za Rwanda zina maana ya pekee kwa Kibondo na Kasulu, kwa kuwa vilima vyao, maharage yao na mahindi yao si tofauti sana na ya jirani huyo. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa barani Afrika mwaka 2016 na kuonekana Tanzania mwaka 2017, hujificha ndani ya moyo wa mhindi ambapo dawa ya kunyunyiza humfikia kwa shida. Majaribio yaliyofanywa Rwanda na kuchapishwa mwaka 2022 yaliwatia minyoo katika uteute na kuuweka humo humo mwenye moyo wa mmea, ili wasikauke kwa jua, na matokeo yake yalitia moyo. Haya si mambo ya mbali. Mkulima wa Murungu huenda akauziwa minyoo katika pakiti kabla ya sisi kukubaliana waitwe nani.

Majina yapendekezwayo

Kanuni ya Baraza, tangu kuundwa kwake mwaka 1967, imekuwa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kanuni ni nzuri, lakini haimwondolei mtunga istilahi kazi ya kupima.

Kwa kundi zima, "nematodi" lafaa darasani na vitabuni. Kwa mkulima napendelea "minyoo wauao wadudu", hata kama ni refu. Nimewasikia wengine wakisema "minyoo rafiki". Hilo ni neno la tangazo la biashara, halimwelezi mtu kitu cho chote juu ya kazi ya mnyoo, na kiwavi hangelikubali. Neno "wadudu" ndani ya jina hilo libaki na maana yake finyu ya viumbe wenye miguu sita na watoto wao, na vijidudu waachiwe mazungumzo ya nyumbani.

Upatanisho wa kisarufi nao wahitaji uamuzi. Mama wa Murungu alisema "tuimwage", akafuata umbo la neno. Katika makala haya nimeandika "minyoo hawa" na "bakteria hawa", nikafuata uhai wa kiumbe. Sioni kwamba yeye alikosea. Lakini katika maandishi ya elimu ya viumbe, ambamo mnyoo hutenda, huzaa, huua na kufa, upatanisho wa viumbe hai humsaidia msomaji kujua nani alimfanya nani nini.

Uhusiano wa mnyoo na bakteria ndio ulionisumbua zaidi. "Ushirika" lina utamu mwingi na kumbukumbu nyingi za vyama vya mazao. "Kutegemeana" ni maelezo, si jina. Nilijaribu pia kutazama Uha, ambako zamani palikuwa na ubugabire, mapatano ambayo mwenye ng'ombe humkabidhi mwingine mnyama, na aliyepokea hupata maziwa na mbolea, naye humpa mwenye mali utumishi na heshima. Mfano ni wa karibu sana, kwa kuwa pande zote hupata na pande zote hudaiwa. Lakini katika ubugabire yuko bwana na yuko mtumishi, na hapa hatuwezi kusema bwana ni nani: mnyoo bila ya bakteria hashibi, na bakteria bila ya mnyoo hafiki kwa kiwavi mwingine. Nikaishia kwenye "ubia". Wabia si lazima wapendane. Kila mmoja huleta mtaji, kila mmoja hutazama faida yake, na ubia huweza kuwa na hasara kwa baadhi ya wanaohusika, kama tulivyoona kwa mama mnyoo na kwa bakteria walioachwa katika mzoga.

Limebaki jina la yule mtoto wa hatua ya tatu, asiyekula, asafiriye na bakteria tumboni. Vitabu vya kigeni humweleza kwa uwezo wake wa kuambukiza, na tafsiri ya neno kwa neno ingemtia mkulima hofu nyingine. Mkoa wa Kigoma una neno lake. Njia ya misafara kutoka Ujiji kwenda pwani ilijengwa kwa mabega ya wapagazi, na mpagazi ni mtu achukuaye mzigo usio wake kwenda mahali ambapo utafunguliwa. Poinar alimwita mnyoo wake mchukuzi wa bakteria kwa Kigiriki. Sisi tukimwita "mnyoo mpagazi" tutakuwa tumesema neno lile lile.

Niliandika upya sehemu ile ya kijikaratasi. Ilisema kwamba minyoo wapagazi ni minyoo wadogo wa udongoni wauao viwavi na funza kwa ubia na bakteria wao. Kwamba hawaishi katika tumbo la mtu wala hawafanyi mafundo katika mizizi. Kwamba jua kali na ukavu huwaua. Na kwamba baadhi ya dawa zimwagwazo kwa ajili ya minyoo fundo zaweza kuwadhuru na hawa. Niliwasomea wakulima wale wale. Mzee wa nyanya alitaka ajue ni dawa zipi, nikamwahidi kumletea orodha kutoka kwa bwana shamba. Mama aliuliza: "Na hao wapagazi wako, viwavi wakiisha, wanakula nini?" Nikamjibu kwamba hawali, hungoja katika udongo wenye unyevu kwa wiki nyingi, wakitumia akiba iliyomo mwilini, na asiyempata kiwavi hufa na mzigo wake. Akafikiri kidogo, akasema basi wasimwagwe kiangazi.